Sinia moja, sahani kwa kipimo: barua ya jikoni kutoka Muscat

Muscat, Oman

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo zangu zifikishe kwa baba na mama, na wifi na watoto wote wasalimie. Ujumbe wako nimeupata: baba ana presha na jongo, mama ana sukari na meno yamebaki machache, nawe unauliza upike nini usiku nyumba nzima ile bila kuwasha majiko matatu. Jibu langu ni refu, chukua kalamu.

Kwanza hili, maana mengine yote yanalifuata: usipike chakula cha wagonjwa. Ukimtengea baba kijisufuria chake kisicho na ladha, huku wengine mnakula mchuzi unaonukia nyumba nzima, atakula vijiko vitatu aseme ameshiba, na saa tano usiku utamkuta jikoni na mkate na achari. Pika chakula kimoja kinachowafaa wazee tangu mwanzo, kiwe kitamu, halafu kijana anayetaka zaidi aongeze kwenye sahani yake mwenyewe. Chumvi huongezeka mezani, lakini ikishaingia sufuriani haitoki. Mambo ya kutupa kiazi ndani ya mchuzi ili kifyonze chumvi hayasaidii. Kiazi kinafyonza mchuzi wenyewe, na ule uliobaki ni wa chumvi ileile.

La pili ni sinia. Najua nyumbani tunakula pamoja mkono mmoja, na sitaki mama atengwe. Lakini kwenye sinia huwezi kujua mama amekula wali kiasi gani, maana kila mtu anamsogezea. Basi tandikeni mkeka kama kawaida, sinia likae katikati, ila juu ya sinia pangeni sahani, kila mtu na yake, watoto kwa wakubwa. Kila mtu akiwa na sahani, hakuna anayeonekana mgonjwa.

Sasa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Ndani ya hesabu hiyo umo mkate wa asubuhi na mchuzi wa mchana. Kwa chakula cha usiku cha watu sita, pima kijiko kimoja cha chai kabla hujawasha jiko, kiweke kwenye kisahani, na hicho ndicho chumvi yote ya usiku huo: nusu iende kwenye mchuzi wa samaki, robo kwenye kunde, robo kwenye mboga. Wali usiutie kabisa, mchuzi utaukolea. Usichote kwa vidole kutoka kwenye kopo. Vidole vitatu vyako si vidole vitatu vya wifi, na mpishi mwenye mafua hutia mara mbili bila kujua. Tia mwishoni, chakula kikishaiva, kwa sababu chumvi iliyokaa juu ya chakula ulimi huihisi zaidi kuliko iliyozama ndani kwa saa nzima.

Ikiwa leo mnatumia vijiko vitatu, usishuke kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki, na wiki ya nne mtakuwa mmefika. Ulimi unazoea, ila unataka muda, na ulimi wa mzee hauonji kama zamani. Ukikata ghafla baba ataacha kula, na mzee anayemeza dawa bila kula ni tatizo jingine kubwa zaidi.

Chumvi ya kopo unaiona. Inayowashinda watu ni ile isiyoonekana. Vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa pakiti ni chumvi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukishavitia, kijiko chako cha kipimo hakina maana tena. Sosi ya soya, achari, siagi ya chumvi, karanga za kukaanga, ng'onda, papa mkavu, hesabu zote. Papa akililiwa sana na baba, mloweke usiku kucha, mbadilishie maji mara tatu, umchemshe umwage maji hayo, na hata hapo kipande kiwe kidogo, siku moja moja. Halafu kuna magadi. Watu hutia magadi kwenye mlenda, kisamvu na maharage ili vilainike upesi, na hakuna anayeyaita chumvi, lakini magadi yana sodiamu, na sodiamu ndiyo hasa inayopandisha presha. Kwenye sufuria ya baba magadi yasiingie. Kunde na maharage vilainishwe kwa kuloweka na kwa moto.

Kwa usiku mmoja wa mfano nakuandikia nguru wa kupaka, kunde, mchicha, wali mweupe na papai. Nimechagua nguru kwa sababu mifupa yake ni mikubwa na michache, inaonekana, na mama hatapambana na vijimiba kama vya changu mdogo. Ukifika soko la samaki la Deep Sea hapo Tanga asubuhi, taka kilo moja na robo ya sehemu ya katikati, akukatie vipande sita vya unene wa vidole viwili. Mkia usiutake, hukauka haraka juu ya makaa.

Ponda punje nne kubwa za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Tia nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu cha manjano, na kijiko kimoja cha bizari nyembamba uliyoikaanga kavu mpaka ikanukia ndipo ukaisaga. Kamulia ndimu mbili, paka samaki, acha nusu saa. Usipitishe. Ndimu huivisha nyama ya samaki ingali mbichi, ukiiacha saa tatu itakuwa ngumu kwa nje na itamomonyoka ukigeuza. Choma juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa jivu jeupe, dakika sita au saba kila upande. Moto ukiwa na ndimi utachoma ngozi kabla ya ndani kuiva. Samaki ameiva pale nyama inapoachana na mfupa wa kati bila kuvutwa. Moshi wa makaa ni kiungo kisichokuwa na chumvi hata chembe, ndiyo maana samaki huyu nampendekeza kuliko wa kuchemsha.

Tui ndilo lenye kutaka akili. Nazi ni tamu na sitakwambia uiache, lakini mafuta yake mengi ni yale yanayopandisha lehemu mbaya, na mengi yamo kwenye tui la kwanza. Kwa watu sita kuna nazi moja tu kubwa. Tui la kwanza kamua kwa nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, weka pembeni. Tui la pili kamua kwa vikombe viwili, chuja kwa kifumbu. Kaanga vitunguu maji viwili vilivyosagwa kwa kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, upime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu, kwa dakika kumi hadi rangi igeuke. Tia nyanya tatu zilizosagwa na karoti moja iliyokunwa, kaanga mpaka maji yakauke. Hapo mimina tui la pili, liache lichemke taratibu kama robo saa, lipungue karibu nusu. Kitunguu na karoti ndivyo vinavyolipa uzito ambao zamani ungetoka kwenye tui zito. Punguza moto, tia nusu ya tui la kwanza tu, koroga bila kuacha kwa dakika tatu, lisichemke kwa nguvu. Likichemka litakatika, mafuta yajitenge juu na maji chini. Nusu nyingine weka kwenye friji kwa ajili ya mboga ya kesho.

Ukwaju utie mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshuka jikoni: bonge la ukubwa wa yai, limelowekwa kwenye robo tatu ya kikombe cha maji ya moto, likavurugwa na kuchujwa. Ukiutia tui likiwa linatokota, uchachu na moto vikikutana tui linakatika hapohapo, na hakuna dawa. Onja. Ulimi ukidai chumvi, ongeza ukwaju kwanza, kisha pilipili, kisha majani ya kotmiri. Baada ya hayo yote ndipo utie ile nusu kijiko yako. Paka samaki mara mbili juu ya makaa, kila upande dakika moja, mchuzi uliobaki weka bakulini.

Kunde kikombe kimoja na nusu ziloweke asubuhi, zikae saa sita au zaidi, mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya na kitunguu kizima na kipande cha tangawizi mpaka zibonyee kati ya vidole. Nyanya na ukwaju visiingie kabla hazijalainika, kwa kuwa vitu vichachu hukaza ganda na utakesha unachochea kuni. Kunde za zamani nazo hugoma hata ufanyeje, kwa hiyo nunua za msimu. Siku ukipika maharage mekundu badala ya kunde, yatokote kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, usiyaivishe kwa moto mdogo tangu mwanzo. Yana sumu ya asili inayokufa kwa mchemko mkali tu, na tumbo la mzee halitaisamehe. Ndani ya kunde zilizokwisha kulainika tia ndimu kavu moja katika zile ninazowaletea. Huku hawapiki mchuzi bila hizo. Zinachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo isuuze, ipasue, toa mbegu zote kwani ndizo zinazotia uchungu, uiache ichemke na kunde dakika ishirini, kisha uitoe.

Mchicha fungu nne. Osha kwanza ndipo ukate. Mashina yakate membamba kabisa au uyaache, maana mama hutafuna majani akatema mashina, na anachokitema huhesabu kama amekula. Kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya mbili, mchicha dakika tano, basi.

Wali vikombe viwili vya mchele kwa watu sita. Uoshe, upike kwa mdalasini kipande kimoja na hiliki tatu, uive lakini punje ziachane. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: wanaona mama hana meno, wanampikia bokoboko au uji. Wanga uliolainishwa sana huingia mwilini upesi na sukari hupanda upesi. Kinachotakiwa kulainishwa kwa ajili ya mama ni samaki na mboga. Samaki wake mchambue kwa mkono sahanini, upapase miba kwa vidole, umwagie mchuzi vijiko viwili. Kunde zake ziponde kwa mwiko. Wali wake ubaki punje.

Sahani ya mama igawe kwa macho: nusu nzima mchicha na kachumbari, robo samaki, na robo ya mwisho wanga. Kachumbari yake kata nyembamba sana, nyanya umenye ganda. Wali ni robo tatu ya kikombe cha chai, ulioiva, uliosawazishwa, kama gramu 120, na ndani yake mna wanga karibu gramu 35. Kunde nazo zina wanga kiasi. Akitaka vijiko vinne vya kunde, mpunguzie wali vijiko viwili. Siku ya ugali, bonge lisizidi ngumi yake mwenyewe. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa pumba imebaki, lakini watu wakisikia dona wanakula mara mbili, na dona nyingi inapandisha sukari kama sembe tu. Mwambie aanze na mboga na samaki, wali aumalizie. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda, na hauna gharama.

Ndizi mbivu za nazi na sukari zisiwepo mezani hata kwa wageni, kwa sababu akiziona atakula. Ndizi mbichi za mchuzi hazina shida zikihesabiwa kama wanga wake. Asali ni sukari. Juisi ya miwa, ya embe na dafu ni sukari ya kunywa. Papai kipande cha kiganja kinamtosha, au chungwa moja zima, si lililokamuliwa.

Baba na jongo lake. Anachotakiwa kukwepa ni maini, figo, supu ya kongoro na ya mifupa, na dagaa, pamoja na vibua wakiwa wengi. Nguru kipande kimoja hakina neno. Mtaani watamwambia aache maharage, kunde na mchicha. Vitu hivyo vina kile kinachogeuka asidi ya uriki, ile inayoleta jongo, lakini havionekani kuleta mashambulizi ya jongo kama nyama za ndani zinavyoleta, kwa hiyo asivikimbie. Jambo ambalo watu hawalifahamu ni soda na juisi zenye sukari: zinapandisha asidi hiyo hata kama mtu hajagusa nyama. Ampe mwili maji ya kutosha mchana, maziwa mgando yasiyo na sukari jioni akipenda. Ukimpeleka kliniki, hospitali ya Bombo, muulize daktari kama kidonge chake cha presha ni kile cha kuongeza mkojo, kwa sababu baadhi ya hivyo huchokoza jongo. Asiache dawa mwenyewe, aulize tu.

Na hapa nikuonye jambo moja kwa uzito. Madukani kuna chumvi inayouzwa kuwa ni ya watu wa presha, imechanganywa potasiamu. Usimnunulie baba bila ruhusa ya daktari. Dawa za presha kama enalapril na losartan huizuia potasiamu isitoke mwilini, na figo za mzee huenda zisimudu kuitoa, ikarundikana ikasumbua mapigo ya moyo. Vilevile siku vipimo vya figo vikibadilika, nusu ya barua hii itabadilika navyo: mchicha, kunde, nyanya na dafu vyote vina potasiamu nyingi, na mboga itabidi ikatwe, ichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe. Mpaka daktari aseme, msianze kubana hayo.

Sasa saa. Chakula kiwe tayari saa moja usiku, baada ya Magharibi, ili wazee wakae saa mbili au tatu kabla ya kulala. Dawa ya mama ya jioni imezwe chakula kikiwa kimeshapakuliwa mbele yake, si wakati samaki angali sokoni. Vidonge vya kushusha sukari aina ya glibenclamide havisubiri mpishi. Akimeza na chakula kikachelewa, sukari itashuka: atatoka jasho jembamba, atatetemeka, atajibu maneno yasiyoeleweka. Mpime. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kipimo hakipo na dalili zipo, koroga vijiko vitatu vya chai vilivyojaa vya sukari kwenye nusu glasi ya maji anywe, subiri dakika 15 umpime tena, kisha ale. Akiwa hawezi kumeza au hajitambui, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ili saa moja isikupite: kunde jikoni saa tisa na nusu, nazi ikunwe saa kumi, samaki apakwe viungo saa kumi na moja na robo, mchuzi uanze hapohapo, makaa yawashwe saa kumi na moja na nusu, mchicha na wali mwisho. Umeme ukikatika hakuna kinachoharibika isipokuwa kusaga, na kinu kipo.

Kiporo cha wali kinafaa kwa mama, maana wali uliopoa kwenye friji sehemu ya wanga wake hugeuka ikawa ngumu kumeng'enywa. Lakini uingie friji ndani ya saa moja baada ya kula, umetandazwa kwenye sahani pana upoe upesi, na asubuhi upashwe mpaka utoe mvuke. Wali uliolala mezani chini ya kawa huota vijidudu vinavyoacha sumu isiyokufa kwa kupasha. Huo mwaga.

Wakila wakae wima, mgongo umeegemea ukuta, na wasijinyooshe hata kidogo mpaka nusu saa ipite angalau. Mama akianza kukohoa kila anywapo maji, usiseme ni kupaliwa tu. Mwambie daktari.

Mzigo unaondoka wiki ijayo na ndugu anayerudi Tanga. Kuna ndimu kavu nusu kilo, vijiko vya kupimia seti moja, mizani ndogo ya jikoni, na tende. Tende za mama ni mbili kwa siku, za ukubwa wa kawaida, kila moja ina sukari gramu 5 hadi 7. Zilizobaki wale watoto, na boksi likae chumbani kwako. Mpime mama sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku tatu mfululizo, uandike na alichokula na kwa kipimo gani. Nitumie karatasi hiyo Ijumaa, na uipeleke kliniki vilevile. Tukiona inaruka sana tutaanza kwa kupunguza wali vijiko viwili, samaki na mboga usiviguse.

Dada yako akupendaye.